Mtoto wetu mirija ya nyongo iliziba, nyumbani wanamlaumu waifu. Hivi huu ugonjwa unasababishwa na nini hasa?

#1 BabaWaTatu
Wakuu salama? Nina swali, wenye uelewa waje, wa matani nao waje ila taratibu maana kidonda bado kibichi.

Mwanangu wa tatu alizaliwa mzima, kilo tatu na ushee, akalia, akanyonya. Siku ya tatu macho yakawa njano, nesi akasema kawaida hiyo, mwanikeni jua la asubuhi. Tukaanika. Mama yangu mzazi akaja kutoka kijijini kumwogesha mjukuu, naye akaanika, mtoto kaanikwa wakuu mpaka nikawa namwonea huruma kama dagaa. Wiki ya nne bado njano, kliniki wanapima uzito, wanasema anaongezeka, rudini mwezi ujao. Huku nyuma choo chake kinapauka, mwanzo kama uji wa mahindi baadaye kama saruji, na mkojo unaacha doa la chai ya rangi kwenye nepi. Siku ya 71 daktari mmoja kijana akafungua pampasi mwenyewe, akaangalia, akanyamaza, akaandika rufaa. Ultrasaundi, damu, nyama ya ini ikapimwa, mwisho tukaambiwa hana mirija ya kutoa nyongo kwenye ini, wanaita bilieri atrezia. Akapasuliwa ana siku 83.

Sasa swali. Mama anasema ni waifu, alikula udongo wa pemba mimba nzima (kweli alikula) na kuna majani jirani alimchemshia mimba ikiwa ya miezi sita (kweli pia). Nyumba haikaliki. Nikisoma mtandaoni kila mtu na lake, mara virusi, mara sumu, mara ya kurithi. Ni nini hasa?

#2 KigodaMbele
Pole sana mkuu. Naweka kigoda hapa, ngoja waje.

#3 DaktariWaKesho
Pole kaka. Nirekebishe kidogo, sio kwamba "hana" mirija. Wengi wao mirija ilikuwepo ikashambuliwa, ikavimba, ikageuka kovu, njia ikaziba. Nyongo inatengenezwa na ini kama kawaida ila haina pa kutokea, inarudi kulichoma ini lenyewe. Ile rangi ya choo mnayoiona kila siku ni nyongo hiyo, isipofika utumbo choo kinakuwa cheupe, inatafuta njia ya kwenye mkojo ndio chai ya rangi uliyoiona.

Na kuhusu jua. Manjano ya vichanga ziko aina mbili. Ya kawaida, ambayo zaidi ya nusu ya watoto wanaipata wiki ya kwanza, hiyo ini bado halijazoea kazi na taa za bluu zinasaidia. Hii nyingine bilirubini (ndio hiyo rangi ya njano) imeshapita kwenye ini, imekwama kwenye kutoka. Hapo anika mpaka mtoto awe mweusi kama mimi haitoki. Tunavyofundishwa, mtoto akivuka siku 14 bado njano apimwe bilirubini zote mbili kwenye damu, ya jumla na dairekti (ile iliyokwisha kupita kwenye ini). Haichukui dakika kumi.

Chanzo? Hakuna anayejua kaka. Kuna nadharia tano sita na kila moja ina tundu.

#4 MtotoWaKigamboni
DaktariWaKesho mbona kesho yenyewe haifiki, nakukumbuka tangu uzi wa minyoo ulikuwa mwaka wa tatu 😂

#5 DaktariWaKesho
Niko intani sasa hivi, heshima tafadhali.

#6 BintiWaUnguja
Assalaam alaykum. BabaWaTatu pole, Mungu amuafu. Sie wa kwetu tulijulishwa na tohara. Mtoto wa kaka yangu, siku ya arubaini katahiriwa, basi damu ikawa haikati. Wakafunga, wakabadilisha vitambaa, mpaka Isha bado inachuruzika. Watu washaanza kusema kijicho. Hospitali ndiyo wakauliza, huyu mbona macho yake manjano siku zote hizi? Na choo chake chaupe? Mamaake akasema ndiyo, chaupe, tulidhani maziwa ndiyo yalivyo.

Yule daktari akatueleza nyongo ndiyo inayoyeyusha mafuta ndani ya utumbo, na vitamini K yapita kwenye mafuta, sasa kama nyongo hakuna, vitamini K haingii mwilini, na damu haigandi. Akapigwa sindano ya vitamini K, damu ikakata usiku ule ule. Mie hadi leo nikiona kitoto cha manjano chatahiriwa moyo wapiga.

#7 KigodaMbele
Aisee hii ya tohara sijawahi kusikia. Endeleeni.

#8 MchungaNg'ombe
Mkuu wa uzi, kuhusu majani usimcheke mama haraka. Mimi kazi yangu mifugo. Australia, jimbo la New South Wales, kuna bwawa linaitwa Burrinjuck. Mwaka 1964, tena 1988, tena 2007, ukame ulikuwa mkali maji yakarudi nyuma, kwenye ile ardhi iliyoachwa wazi yakaota magugu, kondoo wenye mimba wakayala. Wao wenyewe hawakuumwa. Walivyozaa, wanakondoo wanatoka manjano, mirija ya nyongo imeharibika, wanakufa. Huu huu ugonjwa wa mwanao, tena chanzo kikiwa malisho ya mama!

Baadaye wanasayansi wa chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakachukua yale magugu, wakayatenganisha dawa moja moja na kuwajaribia samaki wadogo ambao wakiwa wachanga mwili unaonekana hadi ndani (zebrafishi), mpaka wakaipata sumu yenyewe. Wakaiita biliatresoni. Walitangaza 2015. Samaki wakiwekewa, mirija ya nyongo ya nje ya ini inaharibika ila ini lenyewe linabaki. Kwa hiyo mama anaweza kula kitu kisimdhuru yeye kikamdhuru aliye tumboni. Hilo limethibitika kwa kondoo.

#9 ShangaziMkorofi
Hayo magugu ni jamii gani? Isijekuwa tunayala na ugali.

#10 MchungaNg'ombe
Jamii moja na mchicha shangazi 🙈

#11 ShangaziMkorofi
NIMEKWISHA. Mimba zangu nne nimekula mchicha kama mbuzi.

#12 DaktariWaKesho
Jamani msianze. Jamii moja maana yake ukoo, sio sumu moja. Nyanya, mnavu, biringanya na tumbaku ni ukoo mmoja, mbona mnavu mnakula na tumbaku hamchemshi? Hilo gugu la Australia hakuna binadamu anayelila. Thamani ya ule utafiti ni kuonyesha kwamba sumu INAWEZA, haukusema ndiyo inayowapata watoto wetu. Na udongo wa pemba una mambo yake, minyoo, kupungukiwa damu, madini ya risasi, lakini sijaona mahali umehusishwa na huu ugonjwa.

#13 MamaPachaWawili
Nawasoma tu nimeshindwa kunyamaza. Mie nina mapacha wa kufanana, kondo moja, hata baba yao huwachanganya. Mmoja alipata hiyo atrezia mwingine HANA KITU. Walikaa tumbo moja, wakala nilichokula mimi, damu moja, jeni moja. Sasa mniambie, kama ni majani mbona yamemchagua mmoja? Kama ni kurithi mbona mmoja? Nilimuuliza daktari bingwa aliyempasua akacheka akasema mama hilo swali lako ndilo wanalijadili huko duniani, maana sio wewe peke yako, mapacha wengi walioandikwa ni hivyo hivyo, mmoja anapata mwingine anapona.

BabaWaTatu mwambie mkeo mimi nililaumiwa kwamba nilimlaza upande mbaya.

#14 BabaWaTatu
Mama Pacha asante, nimemuonyesha waifu simu, amesoma mara mbili halafu akaenda kulala bila kusema kitu. Leo ndio mara ya kwanza kalala mapema. Mwanao anaendeleaje?

#15 MamaPachaWawili
Ana miaka mitano, ini lake mwenyewe, mwembamba kuliko mwenzie ila mkorofi kumshinda. Alipasuliwa siku ya 48. Homa ikipanda kidogo tu tunakimbia hospitali, maana maambukizi ya kwenye nyongo ndio adui namba moja baada ya upasuaji. Usisubiri asubuhi. Hata kama ni usiku wa manane na mvua.

#16 WaHouston
Salamu kutoka Texas wadau. Hapa nilipo watafiti wa hapa Houston walirudi kwenye mafaili ya watoto waliokuja kugundulika na huu ugonjwa, wakaangalia damu zao za siku ya kwanza na ya pili baada ya kuzaliwa. Wote bilirubini dairekti ilikuwa juu TAYARI, kabla hata hawajawa njano. Kwa hiyo ugonjwa unaanza tumboni. Wakatengeneza utaratibu: kila mtoto anapimwa kabla ya kutoka wodini, aliyezidi kiwango anapimwa tena wiki ya pili. Matokeo yalitoka 2020, kati ya watoto 124,385 karibu wote walipimwa, wenye ugonjwa wakapatikana 7, na hakuna waliyejua kwamba walimkosa. Na umri wa kufanyiwa upasuaji ukashuka kutoka siku kama 56 hadi 36.

Wangu wa pili alizaliwa hapa, alipimwa, nikasaini karatasi bila hata kuuliza ni ya nini. Leo ndio naelewa.

#17 MtotoWaKigamboni
7 kati ya laki na ushee? Si pesa nyingi kutafuta watoto saba?

#18 WaHouston
Muulize BabaWaTatu kama ni wachache.

#19 MtotoWaKigamboni
Nimekosea. Samahani mkuu.

#20 UkweliMchungu
Mnazunguka tu. Ukweli ni chanjo. Kuna utafiti wa panya, walipigwa kirusi cha rota mirija ikaziba, na rota si ndio ile ya matone wanawapa watoto kliniki? Unganisheni nukta wenyewe.

#21 DaktariWaKesho
Nilijua utakuja. Panya ni kweli, na ni moja ya nadharia kubwa: kirusi kinamkuta kichanga, kinga ya mwili inaamka kupigana nacho, kirusi kinaondoka lakini kinga inaendelea kuitafuna mirija. Wale panya walipewa rota ya NYANI, wakiwa ndio kwanza wamezaliwa. Kirusi cha ugonjwa sio chanjo. Na matone ya rota mtoto anapewa wiki ya sita na ya kumi, mtoto wa BabaWaTatu alikuwa njano siku ya tatu. Hiyo chanjo yako ilirudi nyuma kwa bodaboda?

Afu Taiwan walihesabu wakaona wagonjwa wamepungua kidogo miaka ile chanjo ya rota ilipoanza kutumika kwao. Wengine wanasema bahati tu, namba ni ndogo. Lakini hata kama ni bahati, imeelekea upande usioupenda wewe.

Wapo pia wanaoshuku CMV, kirusi ambacho karibu sote tunacho. Shida ukikitafuta kwenye maini ya hawa watoto, wengine wanacho wengine hawana.

#22 UkweliMchungu
Utalipwa na nani kijana

#23 DaktariWaKesho
Intani halipwi na mtu mkuu, hilo ndilo tatizo lenyewe.

#24 KulwaWaTakwimu
Hoja ya WaHouston inabomoa nadharia ya kirusi cha baada ya kuzaliwa, lakini haibomoi kirusi cha tumboni. Na haibomoi kondoo pia. Wanaosema jeni nao wana lao: wachina walipata kipande karibu na jeni ADD3 mwaka 2010, na kuna kundi dogo la watoto ambao wengu wao unakuwa na vipande vingi, moyo au matumbo yamekaa upande usio wake, hao ni wazi kitu kilienda kombo mapema kabisa mimba ikiwa changa. Kwa hiyo inawezekana sio ugonjwa mmoja. Ni magonjwa matatu manne yanaishia mlango mmoja.

Kingine, huko Ulaya ni kama mtoto 1 kwa 15,000 hadi 20,000, Taiwan ni kama 1 kwa 5,000 hadi 6,000. Kwa nini Taiwan mara tatu? Hakuna aliyejibu likaeleweka.

#25 WaEldoret
Sasa mbona hakuna mtu ametaja aflatoxini? Sisi huku mahindi yenye kuvu tunaijua vizuri, 2004 watu 125 walikufa huku Kenya, Ukambani hasa. Hata nyinyi 2016 iliwapata Dodoma na Manyara. Kuna watafiti wa Cairo walipima maini ya hawa watoto wa manjano wakasema wamepata aflatoxini ndani, na watoto hawana ile jeni ya kusafisha sumu, GSTM1. Sumu kutoka kwa chakula ya mama. Manze hiyo inanibamba kuliko kondoo.

#26 KulwaWaTakwimu
Imesemwa na kundi moja zaidi, wengine hawajaipata kwao. Tena kama ni aflatoxini basi sisi tunaokula mahindi ndio tungeongoza duniani, sio Taiwan.

#27 WaEldoret
Utajuaje kama hatuongozi? Nani anahesabu? Mtoto akifa na miezi nane kijijini, tumbo limejaa maji, wanaandika nini? Wanaandika chochote ama hawaandiki.

#28 KulwaWaTakwimu
Hapo umenifunga mdomo.

#29 PapaLubum
Bandugu, naona mtu aliniambia kama iko operesheni ya "Kasai" ya hii bugonjwa. Kasai ni kwetu Kongo, iko na diama (almasi) mingi, lakini operesheni sijasikia 😄

#30 DaktariWaKesho
😂😂 Papa, ni jina la daktari mjapani, Morio Kasai wa mji wa Sendai, aliichapisha 1959. Anaondoa mirija iliyokufa, anavuta kipande cha utumbo mwembamba anakishona moja kwa moja kwenye ini pale nyongo inapotokea. Zamani zile madaktari walikuwa wakimfungua mtoto, wakiona hakuna mirija ya kuunganisha wanamfunga anarudishwa nyumbani. Japani leo wapo watu wazima waliofanyiwa uchangani na bado wana ini lao.

Ila ni mbio za siku. Kabla ya siku 60 nafasi ya nyongo kutoka ni nzuri, ukivuka 90 inashuka sana kwa sababu ini limeshaanza kukomaa na kuwa gumu.

#31 BabaWaTatu
83. Nimesoma hiyo namba nikahisi tumbo.

#32 DaktariWaKesho
Kaka samahani, sikufikiria. Zipo za siku 80 na kitu zilizokubali. Choo chake sasa rangi gani?

#33 BabaWaTatu
Wiki mbili sasa ni kijani kama mchuzi wa kisamvu. Macho yamepungua njano, hayajaisha. Nilimuuliza daktari kuhusu dawa za steroidi maana nilisoma zinasaidia, akasema hapana.

#34 DaktariWaKesho
Yuko sahihi. Marekani walifanya majaribio kwa watoto 140, nusu wakapewa steroidi nyingi baada ya upasuaji nusu wakapewa dawa hewa. 2014 wakatoa majibu, nyongo ilitoka kwa asilimia 58.6 dhidi ya 48.6, tofauti ambayo kwa hesabu zao haitoshi kusema dawa imefanya kazi, na madhara yalianza mapema zaidi kwa waliopewa. Kuna hospitali duniani bado wanatoa hata hivyo. Ubishi haujaisha.

#35 ShangaziMkorofi
Sasa nyongo isipotoka inakuwaje? India?

#36 MlezaMwana
India ndiyo shangazi, maana ini la mtoto kulibadilisha hapa kwetu bado. Sisi tulienda. Sitaki kuandika gharama hapa maana nitalia, ila kundi la wasapu la ukoo lilikuwa na watu 114, waliotoa 23, na waliotoa maoni 114 wote. Mimi ndiye niliyetoa kipande cha ini, upande wa kushoto, langu limeshaota. Kuna jambo moja daktari wa kule alinisimulia, kwamba upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu, Denver 1963, ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu mwenye ugonjwa huu huu, akafariki mezani kwa kutoka damu. Na wa kwanza mzazi aliye hai kutoa kipande mtoto akapona ulikuwa Brisbane, Australia, 1989, mama mjapani na mwanae wa kiume, ugonjwa huu huu tena. Niliposikia hivyo nilisaini.

#37 MchungaNg'ombe
Australia tena. Kondoo wao, ini lao.

#38 ShangaziMkorofi
Wewe na kondoo wako.

#39 MjukuuWaChifu
Samahani kuuliza, hii manjano ndio ile ya kuchanjwa ukisafiri, kadi ya njano?

#40 BintiWaUnguja
La, hiyo ni homa ya manjano, ya mbu. Hii si homa wala haiambukizi.

#41 WaHouston
Kitu kinachoniuma, sio lazima maabara. Taiwan walianza na kadi tu, picha za choo zenye rangi, zinabandikwa kwenye kitabu cha kliniki cha mtoto, kuanzia 2004 nchi nzima. Mama analinganisha pampasi na picha. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walitoka chini ya asilimia 60 wakafika karibu 90. Japani nao waliingiza kwenye kitabu cha mama na mtoto 2012. Karatasi na wino.

#42 BabaWaTatu
Kadi yetu ya kliniki nimeigeuza sasa hivi mbele na nyuma. Kuna mstari wa uzito wenye rangi, chanjo, tarehe. Choo hakuna mahali. Na choo kile tulikuwa tunakiona sisi watu wanne kila siku, mara sita kwa siku.

#43 MtotoWaKigamboni
Mi nina cha wiki tatu ndani na bado kama ana unjano hivi. Niliingia hapa kwa matani tu. Choo chake ni kama haradali, ina tatizo?

#44 DaktariWaKesho
Haradali nzuri. Lakini wiki tatu na bado njano, kesho asubuhi damu, jumla na dairekti. Wakikwambia jua, waambie umeshaanika.

#45 MtotoWaKigamboni
Poa daktari. Leo sijasema wa kesho.

#46 KulwaWaTakwimu
Ongezeni nyingine: chembe za mama. Wamezikuta kwenye maini ya watoto wa kiume chembe zenye kromosomu za kike, yaani za mama zao zilivuka kondo zikakaa huko. Wengine wanasema hizo ndizo zinaleta vita, wengine wanasema hata watoto wazima wanazo.

#47 MamaPachaWawili
Kulwa hiyo ungeiacha tu. Sasa nimeambiwa kwamba ni mimi hata bila kula kitu.

#48 BabaWaTatu
Wakuu mrejesho mfupi. Jana usiku nilikaa na mama nikamsomea uzi wote, nikaanza na ya kondoo maana yeye ni mfugaji nikajua ataielewa. Akasikiliza kwa utulivu kabisa. Nikasoma mapacha, nikasoma Houston, nikasoma panya. Nilipomaliza akasema, "Si unaona? Nilisema ni majani."

#49 ShangaziMkorofi
😂😂😂 Sasa nani alikutuma uanze na kondoo?